"Kamua mengine": uzoefu wangu katika wodi ya watoto njiti

Wodi imenitolea mwanangu mzima. Nalisema hilo kwanza, ili nikianza kufoka mtu asiniite mama asiye na shukrani. Sasa nifoke.

Mwanangu alizaliwa njiti, wiki nyingi kabla ya wakati wake, mdogo hata nikaogopa kumgusa. Maziwa hayakutaka kutoka. Mama wa njiti huambiwa akamue mara nane au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo, hata kama kinachopatikana ni tone tu. Sababu yenyewe naikubali: watoto hawa huanza kulishwa mililita moja, mbili, kwa mpira unaopita puani, na maziwa ya mama huwapunguzia hatari ya ule ugonjwa mbaya wa utumbo ambao wauguzi wenyewe wakiutaja hushusha sauti. Basi nikakamua. Kwa mkono, nimeketi upandeupande kwa sababu ya mshono, usiku kucha, mpaka nikapata kiasi cha kufunika kitako cha kichupa. Dang'a tupu, zito, la manjano. Nikaandika jina, tarehe na saa, nikaliweka kwenye jokofu la wodi, nikajisikia mtu.

Asubuhi sista wa zamu akatoa kichupa, akakigeuzageuza, akakimwaga kwenye sinki.

Nilikuwepo! Sikuwa nje, sikuwa wodi nyingine. Nilikuwa kwenye kiti kando ya inkubeta, ningenyoosha mkono ningemgusa aproni.

"Sista, hayo ni ya mwanangu!"

Hata hakugeuka. "Saa haisomeki, mama. Kamua mengine."

Kamua mengine. Kama vile mimi ni bomba, unafungua tu yanatoka. Unyevu wa jokofu ulikuwa umefuta wino, basi. Na kabla hamjaniandikia kunielimisha, sheria naijua. Maziwa ambayo hayajulikani yamekaa muda gani hapewi njiti, kwa kuwa kinga yake ni ndogo mno, na kichupa kisichosomeka jina kinaweza kumfikia mtoto asiye wake. Lakini jina lilisomeka. Tarehe ilisomeka. Iliyofutika ni saa, na aliyeijua hiyo saa alikuwa hatua mbili kutoka kwenye sinki, macho kodo. Saa tisa usiku, sista! Ungeuliza tu, ningekuambia saa tisa usiku!

Tangu hapo kila kitu cha wodi ile kikanichukiza. Kiti. Kengele za mashine. Bango la ukutani linalosema wazazi ni washirika katika matibabu, nalo liko juu ya sinki hilohilo. Daktari akipita raundi tunaambiwa tutoke, kisha tunarudi kuhadithiwa robo ya kilichosemwa kuhusu watoto wetu. Mshirika gani huyo anayetolewa nje mazungumzo yakianza?

Wala sidai kubembelezwa. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto wa kati ya kilo 1 na 1.8. Waliowekwa kifuani mapema, bila kusubiri kwanza watengemae, vifo vyao ndani ya siku 28 vilikuwa pungufu kwa robo. Na ili hilo liwezekane ilibidi mama awe na kitanda ndani ya wodi ileile ya uangalizi maalumu. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza kangaroo, yaani mtoto kukaa kifuani ngozi kwa ngozi, saa 8 hadi 24 kwa siku. Sasa mtu anayetakiwa kukaa na mtoto kifuani saa zote hizo, mnamfanyaje mgeni wa kuja kuchungulia?

Halafu inaingia zamu ya usiku, na unadhani umehamishwa hospitali.

Sista wa usiku alikuwa mtu wa maneno machache. "Mama, nawa mikono, njoo umbadilishe mwanao nepi." Mimi? Ndiyo, wewe. Alinifundisha kupitisha mikono kwenye vidirisha vya inkubeta, nisimpapase, maana njiti kupapaswa humchosha. Nitulize kiganja kimoja kichwani na kingine kikusanye miguu, niache hivyo. Alinifundisha kuinua sirinji nikaacha maziwa yashuke yenyewe, nisisukume. Mtoto akikunja uso na vidole vikitanuka, ameshachoka, mwache apumzike. Na kila alipoingia zamu aliuliza, "Leo umemwonaje?" Nikisema tumbo naliona limejaa kuliko jana, alikuja kulitazama, kisha akaandika kwenye faili. Akaandika! Neno langu, kwenye faili la hospitali. Nililia siku ile, na si kwa huzuni.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshapanga nitakachoandika: usiku nendeni, mchana msithubutu. Ingekuwa rahisi hivyo ningemaliza hapa.

Siku moja mchana niko na mtoto kifuani, kengele ikalia. Nikamtazama, midomo inabadilika rangi. Sijapiga hata kelele, yule yule wa sinki ameshafika. Hakuninyang'anya mtoto. Alimsugua mgongo palepale kifuani pangu, akamweka shingo sawa, mtoto akavuta pumzi. "Anasahau kupumua, mama. Njiti ndivyo walivyo, ubongo bado haujakomaa. Mkumbushe hivi." Akaushika mkono wangu, akauweka mgongoni, akanionyesha nguvu ya kutumia.

Nikafuta yote niliyokuwa nimepanga. Mwanamke huyu ana mikono ya dhahabu, na anahudumia watoto wengi peke yake kuliko mtu yeyote anavyostahili kupewa. Siwezi kumwandika vibaya.

Ila nikifika nyumbani hasira inarudi, tena kubwa zaidi. Kwa sababu kama unaniamini niurudishe uhai wa mtoto kwa vidole vyangu, unashindwaje kuniamini nikikutajia saa? Na msinijibu kwamba wauguzi ni wachache. Ndiyo, ni wachache, na kwa hilo hilo wanatuhitaji. Kanada, Australia na New Zealand waliwafundisha wazazi kazi za kila siku za kumtunza mtoto, wakae naye angalau saa sita kwa siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha watoto wao waliongezeka uzito vizuri zaidi. Kuuliza swali moja kwa mama aliyekaa hapo hakuhitaji muuguzi wa ziada.

Suala la kichupa nililipeleka kwa muuguzi kiongozi. Alinisikiliza vizuri, akasema watalifanyia kazi. Sijui kama bango bado liko juu ya sinki.

Nyota? Usiku tano. Mchana, jana ningetoa moja. Leo natoa tatu kwa ajili ya ule mgongo uliosuguliwa. Kesho msiniulize.

Mnaokwenda huko: lebo iandike kwa penseli, haitiririki kama wino, kisha bandika utepe juu yake. Saa iandike pia kwenye daftari lako. Na ukiona mtu ameshika kichupa chako anaelekea kwenye sinki, simama, hata kama mshono unavuta.