Daraja la jino na kipandikizi: kazi safi, ila saruji ya muda haifai

Kliniki moja ya meno hapa Mjini Unguja inatengeneza daraja, yaani meno bandia yaliyoungana kuziba pengo, ambalo upande mmoja umekaa juu ya jino la mgonjwa mwenyewe, na wa pili juu ya kipandikizi, mzizi bandia wa titani unaopandwa kwenye taya. Linamfaa aliyeng'oka gego la kwanza na la pili huku jino la mbele yake likiwa zima. Kipandikizi kimoja kinatosha badala ya viwili, na tofauti hiyo mfuko unaiona.

Vipimo wanavifanya vizuri: picha ya taya ya pande tatu kwanza, kisha kipandikizi kikishatiwa, kungoja kigandane na mfupa, kiasi cha miezi 3 taya la chini na hadi 6 la juu, ndipo daraja lipandishwe.

Tatizo liko chini ya ufizi. Jino la asili limeshikwa na nyuzi laini. Likibanwa hudidimia, pengine mikroni 50 hadi 100 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kipandikizi kimegandana na mfupa, hata mikroni 10 ni nyingi kwake. Ukitafuna pweza, jino linakwenda, kipandikizi kinagoma, na skurubu inayofunga daraja kwenye kipandikizi ndiyo inayobeba mzigo.

Kwa ajili hiyo kliniki inapendekeza daraja liwe na kiungo kinachocheza, au kofia, ile sehemu ya daraja inayovikwa jino, ibandikwe kwa saruji ya muda, "ili jino lipumue". Jino halipumui. Saruji ya muda huliwa na mate polepole, na jino linaoza ndani ya kofia. Kama jino lilishauliwa mshipa wake wa fahamu, mwenyewe hasikii maumivu yoyote mpaka livunjike. Kiungo kinachocheza nacho kina sifa yake mbaya: jino huzama kidogo kidogo kwenye taya, pengo likaonekana kati yake na daraja. Taka daraja la kipande kimoja lisilocheza, saruji ya kudumu kwenye jino, na skurubu kwenye kipandikizi ili ikilegea ikazwe tena. Jino linalotikisika au lenye mzizi mfupi lisitumike kabisa.

Maelezo ya usafi ni hafifu mno. Chini ya jino la katikati hupitishwa kibrashi chembamba kila usiku. Mswaki wa kawaida haufiki.

Wanaotoka Pemba wasiondoke bila karatasi yenye jina la mtengenezaji na aina ya kipandikizi. Bisibisi ya kampuni moja mara nyingi haiingii kwenye skurubu ya nyingine.