Mapigo ya mawimbi ya redio kwa bega sugu: uzoefu wangu

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye bega, goti, shingo au mgongo umemsumbua miaka, ameshameza vidonge mpaka tumbo limekataa, na sasa ameambiwa kuna tiba ya sindano yenye mawimbi ya redio. Mimi nimefanyiwa begani. Nimeacha miezi ipite kwanza, kwa sababu tiba hii ukiisifia wiki ya kwanza unamdanganya mwenzako, na ukiilaani wiki ya kwanza unaionea.

Hukumu yangu naitoa mapema ili mwenye haraka asihangaike kufika chini: imenisaidia, na ningeifanya tena. Lakini haijalitengeneza bega. Kilicholitengeneza, kwa kiasi lilichotengemaa, ni mazoezi, na sindano ndiyo iliyonipa nafasi ya kuyafanya hayo mazoezi bila kulia. Anayekwenda akidhani anakwenda kung'olewa ugonjwa siku hiyo hiyo atarudi analalamika.

Mimi ni mkulima wa zabibu upande wa Hombolo, Dodoma. Wanaojua zabibu wanajua jinsi bega linavyoliwa. Kupogoa ni mkono juu, kufunga matawi kwenye nyaya ni mkono juu, kuvuna ni mkono juu tena na mkasi kiganjani, halafu kreti likijaa libebe mpaka barabarani. Na huku kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo bega halina likizo. Langu la kulia lilianza kwa kuchoka, likaja kuuma, mwishowe likakaza. Nikawa siwezi kusonga ugali. Vifungo vya nyuma ya gauni anafunga binti yangu. Mchana angalau kazi inakusahaulisha, ila usiku nikijigeuzia upande wa kulia tu nashtuka, nakaa kitandani nimelishika bega mpaka jogoo wawike.

Nilipitia njia tunazopitia wote: kuchuliwa kwa mafuta ya nyonyo, kuumikwa, diklofenaki ya vidonge na ya sindano. Diklofenaki ilinituliza kweli, lakini ukiitumia mfululizo inaumiza tumbo na figo, na mimi nilishaanza kupata kiungulia kisichoisha, daktari akanikataza. Vipimo vilionyesha kano za bega zimechakaa na mfuko unaofunika kiungo umesinyaa na kuwa mgumu. Nilipimwa sukari pia, maana wenye kisukari hupata sana bega la namna hii. Yangu ilikuwa sawa. Nikachomwa steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ndani ya kiungo. Nafuu ikaja, ikakaa wiki chache, ikaondoka.

Nikapelekwa kwenye mazoezi tiba hapa hapa Dodoma mjini. Kijana aliyenishughulikia ni hodari na mvumilivu, lakini kila akiupandisha mkono wangu kufika usawa wa kifua machozi yananitoka, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Ni yeye aliyeniambia, "Mama, hapa tunapigana na maumivu, bega lenyewe bado hatujaligusa. Tafuta kwanza daktari wa maumivu." Namshukuru mpaka leo. Wengine wangeendelea kunipangia tarehe.

Daktari wa maumivu, kwa wasiomjua, mara nyingi ni daktari wa usingizi, yule anayelaza wagonjwa kwenye upasuaji, ambaye ameendelea kusomea maumivu sugu. Nilimpata Dar es Salaam. Safari yenyewe siku hizi inavumilika: tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, unaondoka asubuhi na mchana uko Dar, bila kurushwarushwa kwenye basi kilomita zaidi ya 400 huku bega likigonga dirisha.

Alichonisaidia zaidi ya yote ni kunieleza. Bega hupeleka taarifa zake za maumivu kwenye ubongo kupitia neva chache. Iliyo kubwa kati ya hizo inatoka shingoni na kupita kwenye kijibonde kilicho ukingo wa juu wa kombe la bega. Inaitwa neva ya suprasikapula, na inakadiriwa kubeba asilimia 70 hivi ya hisia za kiungo cha bega. Ikitulizwa hiyo, sehemu kubwa ya maumivu imetulizwa.

Kuna namna mbili za kutumia mawimbi ya redio, na mgonjwa lazima ajue anafanyiwa ipi. Ya kwanza ni ya joto. Ncha ya sindano inapandishwa hadi nyuzi 80 hivi za sentigredi kwa dakika moja au moja na nusu, neva inaungua, na taarifa za maumivu zinakatika mpaka neva iote tena. Ya pili ni ya mapigo, na ndiyo niliyofanyiwa. Mashine inatoa mkondo kwa milisekunde 20, inanyamaza milisekunde 480, inatoa tena, yaani mapigo mawili kila sekunde. Katika ule muda wa kunyamaza joto linapoa, kwa hiyo ncha haiachwi ipite nyuzi 42, na neva haiunguzwi. Inayofanya kazi hapo ni nguvu ya umeme inayoizunguka neva na kubadilisha jinsi inavyopitisha maumivu. Wataalamu bado wanachunguza inakuwaje hasa. Aliyeieleza njia hii kwa mara ya kwanza, mwaka 1998, ni Mholanzi Menno Sluijter na wenzake, kwa hiyo haijawa ya kale, wala si ya kubahatisha ya juzi.

Nikamuuliza kwa nini nisipewe ile ya joto nimalize kabisa. Akaniambia neva hii haina kazi ya hisia peke yake: ndiyo inayoamrisha misuli inayoanza kuunyanyua mkono na ile inayouzungusha kwa nje. Ikiunguzwa, maumivu yatapungua na mkono utalegea. Sasa mkulima mwenye mkono uliolegea amepona nini? Goti ni habari nyingine, kwa sababu neva ndogo zinazolizunguka kazi yake karibu yote ni hisia, na huko ya joto hutumika sana. Jirani zangu walikuwa wamenitisha kwamba nakwenda kupigwa mionzi kama ya wagonjwa wa saratani. Sivyo kabisa. Ni umeme wa masafa ya redio, na nguvu yake inaishia milimita chache kuzunguka ncha ya sindano.

Kabla ya tiba yenyewe alinifanyia jaribio, na hapa naomba msomaji asome taratibu. Alichoma dawa ya ganzi peke yake pale neva inapopita. Mantiki yake ni nyepesi: ikiwa kuiganzisha neva hii kunaondoa maumivu kwa saa chache, basi kuna sababu ya kuitibu, ikiwa hakuondoi, maumivu yanatoka kwingine na mashine haitakusaidia. Kwangu yalipungua vibaya sana, yaani kwa uzuri. Nilipandisha mkono mpaka kwenye kilemba changu nikakigusa, binti yangu akafunika mdomo kwa mikono. Jioni ganzi ikaisha na maumivu yakarudi yote, kama nilivyokuwa nimeambiwa. Daktari anayetaka kukuuzia tiba bila jaribio hili, muulize kwa nini.

Siku ya tiba hulazwi usingizi, kwa sababu wanahitaji uwajibu. Nilikaa nimeinamia mto, wakanibandika pajani kibandiko cha kurudishia umeme, wakapaka mafuta ya baridi juu ya kombe la bega na kuweka utrasaundi, mashine ile ile ya wajawazito. Kuna wanaotumia eksirei inayotembea badala yake. Ngozi inapigwa ganzi kwanza, hiyo ndiyo sehemu iliyouma kuliko nyingine. Kisha inaingia sindano ndefu iliyofunikwa mwili mzima isipokuwa ncha, ili umeme utokee pale tu panapotakiwa.

Halafu wanaitafuta neva kwa umeme mdogo. Mapigo 50 kwa sekunde, kwa nguvu isiyofika nusu volti. "Mama, ukisikia ganzi au kitu kinatembea ndani ya bega, sema palepale." Nikasikia kama mchwa wanapanda ndani ya mfupa, pale pale panaponiuma usiku. Nikasema. Wakabadilisha kuwa mapigo mawili kwa sekunde, na misuli ya nyuma ya bega ikaanza kuruka yenyewe bila mimi kuiamuru. Ndivyo wanavyojua wamefika. Baada ya hapo tiba yenyewe ni kitu kidogo: mzunguko mmoja kwa kawaida ni dakika 2, na huweza kurudiwa. Nilisikia kugongwagongwa kwa ndani, hakukuwa na kuungua.

Nilipumzishwa kwanza, mkono ukiwa mzito kwa sababu ya ganzi, kisha nikaruhusiwa kuondoka na mtu wa kunisindikiza. Nikaonywa kwamba pafu liko karibu na mahali pale, hivyo nikisikia kifua kinabana au pumzi inakata nikimbilie hospitali bila kusubiri. Ni jambo la nadra, lakini nashukuru niliambiwa kwa kinywa, sikuachiwa karatasi.

Sasa matokeo. Siku za mwanzo bega liliuma zaidi ya nilivyolipeleka. Binti yangu alianza kunung'unika kwamba tumeliwa hela. Nilimtuliza kwa sababu nilishaambiwa nafuu ya mapigo huja polepole, inaweza kuchukua wiki mbili tatu. Na ndivyo ilivyokuja: siku moja nikaamka asubuhi, nikagundua nimelala upande wa kulia. Maumivu hayakuisha, yalishuka kutoka kwenye kuninyima usingizi hadi kwenye kunikumbusha tu kwamba yapo.

Hapo ndipo nilirudi kwa yule kijana wa mazoezi. "Sasa usilihurumie, Mama," akaniambia, na hakulihurumia. Kuning'iniza mkono na kuuzungusha taratibu. Kupandisha vidole ukutani, na kuweka alama ya mkaa pale nilipofika. Khanga nyuma ya mgongo, mkono usiouma unauvuta juu ule unaouma. Nyumbani nikapitisha kamba kwenye kenchi, mkono mmoja unashuka mwingine unapanda. Asubuhi na jioni, hata siku za kuvuna. Mkono ukaanza kupanda. Bila mapigo ya redio nisingeweza haya, na bila haya mapigo ya redio yangekuwa nafuu ya muda, kama ile steroidi.

Kwenye gharama nina manung'uniko. Nililipa kwa fedha ya zabibu za Agosti, karibu yote, kwa sababu bima yangu haikubeba tiba hii. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba bei niliyotajiwa mapokezi haikuwa na sindano yenyewe ndani yake. Sindano hizi hutumika mara moja na kutupwa, ni ghali, na mimi naambiwa siku ya tiba nikiwa nimeshavua gauni. Si haki kumfanyia hivyo mtu aliyetoka mkoani na nauli ya kurudi tu mfukoni. Ulizia bei kwa mafungu: jaribio, sindano, mashine, daktari, na marudio. Kama ni kutoa nyota, tiba naipa nne kati ya tano, daktari tano, na mapokezi mbili.

Nilimwomba pia daktari aniambie tafiti zinasemaje, akaniambia bila kupaka rangi. Ushahidi wa mapigo una nguvu zaidi kwa maumivu ya neva za shingo yanayoshuka mkononi, na hata huko utafiti unaotajwa sana, wa mwaka 2007, ulikuwa na wagonjwa 23 tu. Kwa bega zipo tafiti zinazoonyesha nafuu, nyingi ndogo. Watu wengine hawapati kitu. Nilimheshimu zaidi kwa kusema hivyo kabla sijalipa.

Kama una kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama una mimba, au una jipu au kidonda mahali pa kuchoma, liseme hilo kabla ya jambo jingine lolote. Na mwenye maumivu mapya, homa, kupungua uzito au mkono unaokufa ganzi ghafla asikimbilie huku. Atafutiwe kwanza chanzo.

Nafuu ya mapigo hukaa miezi kadhaa, kwa wengine zaidi, na tiba inaweza kurudiwa. Yangu bado ipo, ingawa nikipogoa siku nzima jioni bega linasema. Kupogoa sasa nafanya nusu siku, nyaya za juu anafunga mpwa wangu. Maumivu yakirudi kwa nguvu nitakwenda tena Dar baada ya mavuno, na safari hii nitaomba bei ya sindano kwa maandishi.