Aliye Juu Usimngoje Chini: Tathmini ya Huduma ya Ukataji Miti Maryland

Nyuma ya nyumba yetu hapa Silver Spring, Maryland, palikuwa na mwaloni mkubwa ulioanza kukauka upande mmoja, tawi lake moja likiwa limelalia paa la jirani na jingine likikaribia nyaya za umeme. Katika muda wa wiki tatu niliita kampuni mbili kuushughulikia, na tofauti niliyoiona baina yao ndiyo inayonifanya niandike. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tumezoea kumwita kijana mwenye panga na kamba, tukapatana bei, kazi ikaisha jioni ile ile, na hatukujifunza kuuliza maswali ambayo huku yanatenganisha huduma na msiba. Majina ya kampuni sitayataja: la kwanza kwa sababu niliyoyaona hayajafika mbele ya mkaguzi yeyote, na la pili kwa sababu sipendi tathmini igeuke tangazo.

Kampuni ya kwanza niliipata kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni. Bei yake ilikuwa dola 1,100, kwa maneno matupu bila maandishi. Walikuja wanaume watatu na helmeti moja. Aliyepanda alivaa viatu vya miiba na kujifunga mkanda mmoja tu, akawa anaendesha msumeno wa mnyororo kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika tawi analolikata. Mwenzake alisimama chini ya tawi hilo hilo akiwa ameshika kamba, macho juu. Methali yetu humwambia mtu amngoje chini aliye juu. Katika kazi hii hilo ndilo kosa la kwanza linalokatazwa. Tawi la kwanza lilianguka hatua moja kutoka alipokuwa, na hapo nikawasimamisha, nikawalipa dola 300 za usumbufu. Waliniambia kwa upole kabisa kwamba wamefanya hivyo miaka tisa na hakuna aliyeumia, na mimi sina sababu ya kutowaamini.

Hata hivyo hesabu ya nchi nzima haisemi hivyo. NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayotafiti usalama na afya ya wafanyakazi, ilihesabu vifo 1,285 vya watu waliokuwa wakifanya kazi ya kutunza miti kati ya mwaka 1992 na 2007, yaani wastani wa watu 80 kila mwaka. Asilimia 42 walipigwa na kitu, asilimia 34 walianguka kutoka juu, na asilimia 14 waliuawa na umeme. Nilipozisoma tarakimu hizo baadaye, niliona kwamba bustani yangu siku ile ilikuwa na njia zote tatu kwa pamoja.

Msomaji wa Tanzania anaijua OSHA kuwa ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Marekani nayo ina OSHA yake, iliyozaliwa na sheria ya mwaka 1970, lakini kwa miongo mingi imefanya kazi bila kanuni mahsusi ya nchi nzima kwa watunza miti wa kawaida. Inapotaka kumwajibisha mwajiri, mara nyingi hutumia kifungu cha jumla kinachodai mahali pa kazi pasipo na hatari zinazojulikana, na ili kuthibitisha kwamba hatari fulani inajulikana, hugeukia kitabu kilichoandikwa na sekta yenyewe, kiwango kiitwacho ANSI Z133. Juhudi za kukitunga zilianzishwa na mama mmoja wa jimbo la New York aliyempoteza mwanawe wa miaka 18 akikata matawi, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 1972. Kwa hiyo mkaguzi wa serikali humpima mwajiri kwa rula ambayo wenzake wa kazi ndio walioichonga, na sijui utaratibu mwingine unaoonyesha wazi zaidi jinsi pande hizi mbili zinavyohitajiana.

Chama cha waajiri wa sekta hiyo, TCIA, ndicho kilichoiomba OSHA mwaka 2006 itunge kanuni maalumu. Si kila siku utawaona wafanyabiashara wakiiomba serikali iwabane, ila sababu haiko mbali: anayenunua kamba nzuri na kulipia mafunzo hushindwa bei na yule mwenye helmeti moja. Serikali ilitangaza mwaka 2008 kwamba inakusanya maoni, ikaitisha mkutano wa wadau mwaka 2016, na mwaka 2020, miaka 14 baada ya ombi, jopo la biashara ndogo bado lilikuwa likiyapitia mapendekezo. Mwendo huo ni wa kobe, na sioni namna ya kuutetea. Baadhi ya majimbo hayakungoja. Virginia ilijiwekea kanuni yake mwaka 2011 kwa kufuata kiwango cha sekta, na Maryland ina kanuni yake ya utunzaji na uondoaji wa miti, pamoja na sheria inayomtaka anayefanya kazi hii kwa malipo awe na leseni ya Idara ya Maliasili ya jimbo, ambayo haipatikani bila mtihani na bima.

Kampuni ya pili niliipata kwa kuanzia kwenye leseni hiyo. Bei ilikuwa dola 2,350, zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza, na msimamizi alileta namba ya leseni na hati ya bima kabla sijaziomba. Asubuhi ya kazi watu wote watano walikusanyika mbele ya gari, naye akaeleza kwa Kiingereza kisha kwa Kihispania nani atapanda, matawi yataangukia wapi na nani haruhusiwi kuvuka alama za rangi ya chungwa. Lugha ya pili haikuwa hisani tu, kwani OSHA inataka mafunzo yatolewe kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa. Mpandaji alijifunga mara mbili kila alipowasha msumeno. Tawi lililo karibu na nyaya hawakuligusa hadi watu wa kampuni ya umeme walipokuja, kwa sababu mfanyakazi asiye na mafunzo ya umeme hatakiwi kusogea karibu zaidi ya futi 10, kama mita tatu hivi. Kwenye mashine ya kusaga matawi walisimama kando, hawakuikabili mdomoni.

Wakati wa chakula nilimuuliza msimamizi kama hawaogopi wakaguzi. Alinijibu kwamba waliwahi kuwaita wenyewe. Jimbo lina huduma ya ushauri wa bure kwa biashara ndogo, iliyotengwa na upande wa ukaguzi: mshauri huja, huonyesha kasoro, hatozi faini, ila mwajiri huahidi kurekebisha zile kubwa. Kwangu mimi hiki ndicho kipande bora cha ushirikiano wote, na pia ndicho kinachofichua udhaifu wake, maana anayeomba kutembelewa ni yule ambaye tayari anajali. Wale watatu wa kwanza hakuna chama kinachowajua wala barua inayowafikia. Aliyewafikia ni mimi, mteja, na nilikuwa nimevutwa na bei.

Huduma ya kampuni ya pili haikukosa dosari. Walichelewa saa moja na nusu bila kupiga simu, gari lao zito liliacha mitaro miwili kwenye majani, na gharama ya kung'oa kisiki haikuwemo kwenye bei ingawa karatasi yao haikulisema hilo waziwazi. Kwa bei ile nilitarajia maelezo kamili. Hata hivyo nitawaita tena, na kisiki bado kipo: wamepanga kuja Aprili kwa dola 250 zaidi, nami nimeomba aje pia yule dada aliyesimama chini siku nzima na filimbi mdomoni, akiwafukuza wanangu kila walipoikaribia alama ya chungwa.