Kabla hujanunua rekoda ya mazoezi, piga makofi dukani

Kwa miezi miwili nilifanya mazoezi ya solo nikiamini naimba vizuri. Kila jioni, chumbani kwangu Isamilo, Mwanza, nilirekodi, nikasikiliza, nikaridhika. Siku ya kuimba mbele ya kwaya, mwalimu akanisimamisha ubeti wa pili: "Dada, hapa ni kwa upole, mbona unapaza?" Kumbe rekoda yangu ya Sh 65,000 ilikuwa inanidanganya.

Ilikuwa inajipangia sauti yenyewe. Ukiimba chini inakupandisha, ukipaza inakushusha, vyote vinatoka sawa. Dalili yake ni hii: nikinyamaza nivute pumzi, feni inasikika ikipanda polepole hadi inanguruma, nikianza kuimba inazama ghafla. Wewe wa gitaa, kinanda au kwaya unataka kujisikia ulivyo, na wauzaji hilo hawaligusi. Watakuambia GB na rangi.

Ya kwanza kwangu ni rekoda ya Zoom H1n, na sitafuti nyingine. Levo, yaani kiwango cha sauti inayoingia, unaizungusha kwa kidole kama redio ya zamani, na ile tabia ya kujipangia unaizima kwa kitufe. Inakula betri mbili ndogo kama za rimoti, hadi saa kumi, kwa hiyo umeme ukikatika zoezi linaendelea. Ilaze juu ya kitenge kilichokunjwa, mita moja hivi kutoka ulipo, maana meza tupu inapitisha kila mgongano. Imba kipande chako chenye nguvu kuliko vyote, panga levo ifike karibu na desibeli -12 kwenye skrini, halafu usiiguse tena. Saa moja ya WAV ya kawaida, yaani faili la sauti lisilobanwa, ni kama MB 600. Memori kadi ya GB 32 inakutosha wiki nyingi. Yangu niliipata iliyotumika kwa Sh 180,000, na kila shilingi ilistahili.

Tascam DR-05X nayo ni nzuri, ila maiki zake zinasikia pande zote. Kwangu, kila pikipiki inayopanda mlima ingeingia kwenye wimbo. Ukiwa na pahali patulivu, chukua.

Simu yako ni ya tatu, ukipata programu inayokuruhusu kuzima ile tabia ya kujipangia sauti. Android kuanzia toleo la 7 inaipa programu nafasi ya kuchukua sauti ghafi, isiyorekebishwa, lakini si kila simu inaitikia. Maiki za kubana shati waachie wa mahojiano.

Dukani jaribu hivi. Hesabu moja hadi tano kwa sauti ya chini, piga makofi makali matatu, hesabu tena chini vilevile. Sikiliza kwa hedifoni. Kama "moja, mbili" za baada ya makofi zimemezwa na "nne, tano" zimerudi, mrudishie mwenyewe.

Sasa omba kujaribu uone muuzaji anavyonuna. Ile yangu ya Sh 65,000 ilizungushiwa selotepu: "Dada, ukifungua umenunua." Nilipoirudisha, kesho yake baada ya mwalimu kunisimamisha, alininyooshea kidole maandishi ya chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Na hiyo risiti niliipigania, maana nilitajiwa bei mbili, ya kupewa risiti na ya kutopewa! Inaniuma hadi leo. Siku hizi nikisindikiza mwanakwaya kununua, naingia na betri mbili, memori kadi na hedifoni kwenye pochi. Asiyetaka tujaribu, tunavuka barabara kwa jirani yake.