Uzoefu wangu na Mojo: je, inaoana na Python kweli?

Ninaandika programu za hesabu kwa wanunuzi wa kahawa wilayani Masaka, Uganda, na karibu zote nimeziandika kwa Python, lugha maarufu ya kuandikia programu. Kwa hiyo niliposikia habari za Mojo, lugha mpya yenye sura ya Python na kasi inayokaribia ile ya C, lugha ya zamani inayosifika kwa mwendo, kasi haikuwa swali langu la kwanza. Nilitaka kujua iwapo faili zangu za zamani, zile zinazojumlisha kilo za kiboko (kahawa kavu isiyokobolewa) na kumtolea mkulima stakabadhi ya shilingi zake, zingeendeshwa na Mojo bila kubadilishwa hata mstari mmoja. Jibu ni hapana.

Mojo ilitangazwa Mei 2023 na kampuni ya Modular, ambayo mmoja wa waanzilishi wake ni Chris Lattner, mbunifu wa LLVM (zana za kujengea kompaila, yaani programu zinazogeuza maandishi ya lugha kuwa maagizo ya mashine) na wa lugha ya Swift. Wakati ule lengo lililotajwa lilikuwa lugha pana itakayoijumuisha Python yote. Baadaye waundaji wenyewe walilipunguza dai hilo, wakaeleza kwamba huenda jambo hilo lisitimie na lugha ikawa na manufaa vilevile, nami nawaheshimu kwa uwazi huo kuliko ninavyowaheshimu mashabiki wao.

Tofauti za wazi hazinisumbui sana. Python hutekeleza faili kuanzia mstari wa kwanza, ilhali Mojo hudai programu ianzie ndani ya main, sehemu maalumu ya kuanzia. Na katika matoleo niliyotumia class, kiolezo ambacho Python hutumia kuundia vitu vya programu, haikuwapo, bali struct, ambayo umbo lake huamuliwa kabla programu haijaanza kukimbia. Mambo hayo kompaila huyakataa papo hapo, ukayarekebisha. Ninayoyahofia ni yale yanayofanana kwa maandishi na kutofautiana kwa maana. Namba kamili ya Python hukua kadiri kumbukumbu ya kompyuta inavyoruhusu, lakini Int ya Mojo kwenye mashine zetu za kawaida ina biti 64, na ikivuka mpaka huo hugeuka namba nyingine bila kupiga kelele. (Shilingi yetu ina sifuri nyingi, ila bado hazijafika huko.) Vilevile, ukiipa orodha moja majina mawili katika Python, mabadiliko yanayofanywa kupitia jina moja huonekana kupitia la pili, ilhali Mojo haichukulii kushiriki huko kuwa jambo la kawaida, na matoleo ya karibuni hukutaka uandike waziwazi kwamba unanakili. Programu yangu ya stakabadhi imejengwa juu ya tabia hiyo ya Python, kwa hiyo kuihamisha ni kuifikiri upya, si kuinakili.

Wanaoitetea hunijibu kwamba Mojo inaweza kuingiza NumPy, maktaba (mkusanyo wa programu tayari) ya hesabu, na maktaba nyinginezo za Python. Ni kweli, na inafanya hivyo vizuri: unaandika Python.import_module, unataja jina la maktaba, nawe unaitumia. Hata hivyo kinachofanya kazi hapo nyuma ni CPython ileile, yaani programu ya kawaida inayoendesha Python, ambayo lazima iwe imesakinishwa kwenye mashine, na sehemu hiyo ya programu hukimbia kwa mwendo wa Python kwa kuwa ni Python. Huo ni ujirani mwema, lakini jirani hageuki kuwa mwenye nyumba kwa sababu anaazima sufuria.

Kwangu mimi lugha inastahili kuitwa inayooana na Python pale tu inapopokea programu iliyopo na kutoa majibu yaleyale. PyPy, programu nyingine ya kuendeshea Python kwa kasi zaidi, inakaribia sana kipimo hicho, ingawa hukwama mara nyingine kwenye maktaba zilizoandikwa kwa C. Ni kipimo kigumu, nakiri, maana hata Python 3 ya mwaka 2008 haikukifikia kwa programu za Python 2, na toleo hilo la awali lilihitaji kuhudumiwa hadi Januari 2020.

Kama lugha yenyewe, Mojo nimeipenda. Vitanzi (sehemu zinazorudiarudia hesabu) vizito vya kukadiria mavuno nimeviandika upya kwa Mojo kwenye kompyuta yangu ya Linux, na tofauti ya mwendo inaonekana bila saa. Stakabadhi za wakulima nimeziacha kwa Python, kwa kuwa mashine za vituo vya ununuzi zinatumia Windows, ambako Mojo huhitaji kupitia WSL (njia ya kuendesha Linux ndani ya Windows), na sioni sababu ya kumbebesha karani mzigo huo katikati ya msimu.