Duka la vifaa vya maabara Ngamiani, Tanga: spiriti wanaiuza inavyotakiwa

Walimu wenzangu wa kemia hapa Tanga, na nyie wa Muheza na Pangani mnaokuja mjini kufata vifaa, kuna duka la vifaa vya maabara lipo Ngamiani kwenye zile barabara za namba, mbele wamepanga bika (vikombe vya kupimia vya maabara) na mizani, hulipiti bila kuliona. Nawapa nyota nne na nusu, na sababu kubwa ni kwamba ethanoli, ndio hiyo spiriti, wanaiuza kwenye chupa ndogo za mililita 100 na kabla hawajaishusha shelfuni wanakuuliza unaenda kuifanyia nini.

Nilimwambia mzee anaeuza nataka spiriti ya kuwaonyesha Fomu Tuu mwako, yani jinsi kitu kinavyoungua, akaniuliza, "Mwalimu, unafanya onyesho la mtungi au la kitambaa?" Yani hapo hapo nikajua huyu kazi anaijua. La mtungi ni lile unazungusha spiriti kidogo ndani ya mtungi wa plastiki wa maji, unamwaga inayobaki, unawasha mdomoni, moto wa bluu unashuka unavuma vuuu umeisha. Zuri sana lakini darasa langu limebanana, akanishauri la kitambaa na nampa haki yake.

Nikachukua kipande cha leso kuukuu, nikakilowesha kwenye mchanganyiko wa nusu ethanoli nusu maji na chumvi kidogo, chupa nikaifunga na kuipeleka mbali ndio nikawasha, leso nimeishika kwa koleo refu. Ikawaka yote, watoto wakapiga kelele, moto ukazima na leso nzima, maua yake yote yapo! Kilichoungua ni ethanoli, C2H5OH + 3O2 → 2CO2 + 3H2O, na joto kubwa likaenda kugeuza maji kuwa mvuke, maana gramu moja ya maji yanayochemka inakula kama jouli 2,260 kabla haijawa mvuke, sasa leso ikiwa bado na unyevu haiwezi kupanda joto la kuungua. Na chumvi ni ya kuonekana tu, sodiamu inaupa mwali rangi ya njano, bila hivyo kwa jua la Tanga linaloingia dirishani ule mwali wa bluu hamuuoni na mtoto anaweza kusogeza mkono akidhani umezima.

Sasa chupa ndogo kwa nini naisifia hivi. Ethanoli inaanza kutoa mvuke wa kutosha kuwaka kwenye nyuzi 13 hivi, na sisi huku nyuzi 30 ni kawaida, kwahiyo hapa kwetu iko tayari muda wote. Mvuke wake unawaka ukiwa kati ya asilimia 3 na 19 ya hewa, na kwenye chupa iliyobaki nusu kwa joto letu ile nafasi ya juu inakuwa na kama asilimia 10, yani katikati kabisa ya hatari. Tangi la petroli mvuke wake umezidi mno hewa haitoshi, chupa ya spiriti haina bahati hiyo. Ukiongezea kwenye moto unaodhani umezima, moto unarudi ndani ya chupa na kufyatuka kama bunduki. Denver, Marekani, mwaka 2014 mwalimu aliongeza methanoli, ndugu yake ethanoli, kutoka chupa ya lita 4, moto ukaruka mita tatu na nusu ukamfikia mwanafunzi kifuani. Mililita 100 unapima yote kwenye bika, chupa tupu unaifunga unaitoa nje, darasani habaki na kitu cha kuongezea mtu yeyote.

Methanoli wanayo pia ila ukisema ni ya onyesho mzee hakupi, anakurudishia hela, na hapo wapo wanaomnunia. Mimi namuunga mkono, mwali wake mwanga wa mchana hauonekani kabisa na ukiinywa hata kidogo inaweza kupofusha macho. Kwenye duka lingine mjini niliwahi kuuziwa spiriti kwenye chupa ya maji ya kunywa haina hata lebo, hilo ni jambo la hatari sana jamani, nyumbani kuna watoto.

Nusu nyota nimeikata kwa sababu lebo zao zinaandikwa kwa peni, mkono ukiwa na jasho maandishi yanafutika, na miwani ya maabara bei iko juu kiasi cha shule kununua mbili wakati inahitaji kumi. Tafadhali hilo walifanyie kazi.

Risiti ya EFD wanatoa bila kuombwa, lipa namba ipo, na ukija na baiskeli wanakufungia chupa kwenye boksi zikiwa zimesimama. Ijumaa wahini asubuhi, wakienda swala wanafunga mpaka saa nane.