Nta au seramiki kwa boti la faiba?

Kabla ya kubishana kipi kilinde ubavu, nta au seramiki (dawa ya maji inayokauka kuwa tabaka gumu), pitisha kitambaa cheusi ubavuni mwa boti. Kikitoka na unga mweupe kama chaki, jelkoti, lile tabaka la nje linalong'aa, imeshaliwa na jua. Hapo anza na polishi ya kukata, ile yenye chembe za kusugua, la sivyo chochote utakachopaka kitafunika uchafu tu.

Kwa bei, nta inashinda bila jasho. Kopo moja, matambara safi na asubuhi moja kivulini vinatosha, na hata kijana wa botini aweza kuipaka. Ila kwa jua letu la pwani na chumvi, miezi miwili mitatu maji yanaacha kuteleza, unarudia.

Seramiki hukaa mwaka na zaidi, na ubavu unaoshwa kwa maji baridi na sabuni laini tu. Lakini haina msamaha. Nta ya zamani ikibaki, haishiki. Umande ukiingia kabla haijakauka, inaacha mabaka, na mabaka hayo hayatoki kwa kitambaa, ni mashine ya kusugua tena. Ile kazi ya maandalizi ndiyo inayokula pesa, kuliko chupa yenyewe.

Boti la watalii linalopandishwa mchangani Nungwi kila siku? Mimi ningepaka nta: mchanga utakwaruza vyote viwili, na nta unaipaka tena palepale. Linalolala kwenye boya, na fundi anayeaminika yupo, seramiki ina maana.

Chini ya mstari wa maji usipake hata kimoja. Huko ni rangi ya kuzuia viumbe kuganda.